Uji mweusi wa alfajiri, Tabora

Karatasi yangu ya kwanza ya kuchapia picha ililiwa na sisimizi. Mapishi yalitaka sukari, nami nikajiona mjanja: niko Tabora, asali imejaa, sukari ya nini? Kumbe asali huvuta unyevu kuliko sukari. Siku tatu karatasi inanata kama ulimbo, ya nne nikaamka nikakuta msafara.

Ni karatasi ya kuchapia picha za kaboni, yaani jelatini (unga wa kugandisha) yenye rangi iliyopakwa juu ya karatasi. Baadaye hutiwa daikromati, kemikali inayoifanya ihisi mwanga, na kuwekwa juani chini ya negativu. Palipopigwa na mwanga hapayeyuki tena, kwingine huondoka na maji ya uvuguvugu. Joseph Swan wa Uingereza alipata hataza yake mwaka 1864, na karatasi hizo zikauzwa zikiwa tayari. Mimi sina pa kuzinunua.

Rangi ni masizi ya koroboi. Yana mafuta, ukiyatia majini yanaelea tu, kwa hiyo nayasaga kwanza juu ya kioo kwa chupa na matone ya spiriti, nusu saa nzima. Siku niliyofanya haraka picha ilijaa vidoa kama imenyunyiziwa pilipili manga.

Kwa mililita 500 za maji natia jelatini gramu 45, sukari 20, masizi 4. Jelatini nailoweka kwanza, kisha sufuria ndani ya sufuria, bila kuchemsha, maana ikichemka inapoteza nguvu ya kuganda. Mapovu ndiyo yaliyonitesa. Nilikuwa nakoroga kama napiga mayai, na kila povu likaacha tundu. Siku hizi nakoroga polepole, naacha mchanganyiko kwenye maji ya moto saa moja, naengua, nachuja kwa kipande cha khanga.

Lakini Oktoba nilishindwa kabisa. Nilimwaga mchanganyiko mchana wa joto, ukabaki unateleza kama mlenda. Nikasubiri Juni, nikaamka saa kumi alfajiri na baridi yake, nikasawazisha kioo kwa pima maji niliyoazima kwa fundi seremala, nikalaza karatasi ya manila iliyolowa, nikamwaga. Robo saa haikuisha, umeganda.

Jirani alichungulia. “Baba Neema, uji mweusi huo anakunywa nani?”

“Picha, mama.”

Akaondoka bila kuuliza zaidi.

Zilipokauka zilijikunja kama majani ya tumbaku, nikazilaza chini ya godoro. Zimebaki nne. Sukari nimeifungia kwenye kopo, sisimizi wasipate habari.