Huku kula si lazima

Mimi drafti nimecheza miaka arobaini, pale kijiweni nyuma ya gereji hapa Tanga, ubao wa plaiwudi na vizibo vya soda, hawa wamelala kifudifudi hawa chali, na nilikuwa sifungwi hovyo. Nikastaafu, magoti yananisumbua, nashinda nyumbani, mjukuu wangu wa darasa la sita kaja likizo na boksi lake la chesi akaniambia babu kaa hapa nikufundishe. Nilikuwa na miaka 62. Nikakaa.

Kujua kila kete inavyotembea wala haikuchukua siku mbili. Ngome inanyooka, askofu anaenda mshazari, farasi anaruka, malkia anafanya ya wote kasoro ya farasi. Ubao ni uleule wa vyumba 64 ila drafti tunatumia nusu, vile 32 vyeusi basi, huku vyote vina kazi.

Kilichonitesa ni kingine kabisa. Kwenye drafti kula ni lazima, ukiwekewa unakula upende usipende, na mtego wote upo hapohapo, unamlisha mtu moja ili umchinje tatu. Sasa mkono umezoea hivyo miaka yote, ukiona kete iko wazi unaenda wenyewe hata kichwa hakijasema kitu. Mtoto akaling'amua hilo mapema sana. Akaniachia kaaskari kamoja pembeni kule kushoto, malkia wangu huyo, akala, mjukuu akarusha farasi, mimi natazama malkia hana pa kutokea, kila chumba anachotaka kukimbilia kuna kete ya mtoto inakiangalia. Hakucheka. Akasema, babu, huku kula si lazima.

Neno hilo nililala nalo. Siku hizi nikiona kitu kimeachwa wazi nakalia kwanza viganja, kweli kabisa, naviweka chini ya mapaja halafu najiuliza huyu kaniachia kwa nini, akila yule mimi nafanya nini, na hapo dakika kumi zinapita chai inapoa na mimi nina raha ambayo sijui kama nilishawahi kuipata mezani.

Watu wananiambia safi sana mzee, inasaidia ubongo usichoke. Sawa, lakini mimi sichezi kama mtu anayekunywa dawa, nacheza kwa sababu ni tamu. Kuna mcheza chesi anaitwa Viktor Korchnoi, alizaliwa Leningrad mwaka 1931, alipigania ubingwa wa dunia mara mbili dhidi ya bingwa Karpov akaukosa, na mwaka 2011 akiwa na miaka 80 akachukua ubingwa wa taifa wa Uswisi. Miaka 80! Nilipolijua hilo nilinyamaza kabisa.

Na huu mchezo si mgeni kwetu jamani, wazee wa pwani waliuita sataranji, jina limekuja na Waarabu, na mfalme wake ni shaha, shaha huyuhuyu tunayemwita mshairi mkubwa. Yule askofu Waarabu wanamwita fil, yaani tembo, kama kwenye ile sura ya Kurani, Alam tara. Mimi kanisani sijawahi kumwona askofu anakwenda mshazari, tembo ananiingia akilini zaidi, kwa hiyo kwangu ni tembo.

Mtoto karudi Dodoma kwa wazazi wake. Tunacheza kwa simu, ile programu ya chesi inaitwa Lichess, ni bure na haina matangazo, unaweza kuweka siku kadhaa kwa kila hatua, yeye anasogeza jioni kwa simu ya mama yake mimi nasogeza baada ya alfajiri. Hapa ubaoni nimepanga kete zilezile ili nizione vizuri kwa macho.

Jana usiku kaniachia ngome. Ngome nzima, wazi, tembo wangu anaifikia kwa hatua moja. Nina siku mbili za kujibu na tangu asubuhi nimekalia viganja.