Chupa Iliyoganda

Ilikuwa Julai, Njombe, saa moja asubuhi, baridi ile ya kutoa moshi mdomoni. Mwanafunzi wa kidato cha sita niliyemtuma stoo akalete asidi ya asetiki, ile inayoipa siki ukali wake, alirudi mikono mitupu. "Mwalimu, chupa ile siyo. Mle mna chumvi."

Ndiyo yenyewe. Asidi hiyo ikiwa tupu, bila maji, huganda joto likishuka chini ya nyuzi 16.6 za Selsiasi. Tulilegeza kifuniko, tukaiweka chupa ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Ya moto yangeipasua. Haraka ikatuponza: ilipoyeyuka nusu tukaanza kumimina. Fuwele zinazobaki ndizo asidi safi, maji na uchafu hukimbilia kwenye kimiminika, kwa hiyo tulichomimina hakikuwa tulichodhani. Ilibidi tungoje iyeyuke yote, tuichanganye kwenye bika moja, ndipo tupime: sentimita za ujazo 58 hivi kwa lita moja ya myeyusho wa moli 1, yaani asidi iliyozimuliwa kwa maji. Madirisha wazi, maana mvuke wake unachoma macho.

Litmasi ya buluu, karatasi ya kupimia asidi, iligeuka nyekundu, jambo lisilothibitisha mengi. Sodiamu baikaboneti ndiyo yenye maneno: unga wa ncha ya kijiko kwenye sentimita za ujazo 2 za asidi, povu likafoka, gesi ya kaboni dioksidi ikapitishwa kwenye maji ya chokaa yakawa kama maziwa. Fenoli, asidi hafifu zaidi, haifanyi hivyo. Ila gesi ikizidi, maji ya chokaa hurudi kuwa maangavu, na aliyekuwa anapiga soga huandika "hakuna badiliko."

Esta, kile kitu chenye harufu kinachotokana na asidi na alkoholi, ilitusumbua zaidi. Sentimita ya ujazo 1 ya ethanoli, ndiyo alkoholi yenyewe, sentimita ya ujazo 1 ya asidi, matone matatu ya asidi ya salfuriki kali, kisha neli ikae dakika tano kwenye maji ya nyuzi 60 hadi 70. Kamwe si juu ya moto wenyewe, kwani ethanoli huchemka kwenye 78 na mvuke wake hudaka moto. Halafu unamimina kwenye myeyusho wa sodiamu kaboneti, kidogo kidogo, ili asidi iliyobaki iuawe isifunike harufu.

Meza moja ililalamika: "Mwalimu, yetu inanuka siki tu." Nikauliza asidi wameichota wapi. Kwenye chupa ya moli 1! Myeyusho ule karibu wote ni maji, na maji huirudisha esta kuwa asidi na ethanoli. Hata ukipasha moto mchana kutwa, hutapata kitu cha kunusa.

Wakarudia kwa asidi tupu. Safari hii matone kama ya mafuta yalielea juu ya myeyusho kwenye bika. Msichana mmoja akapunga mvuke kwa kiganja kuelekea puani, akasema, "Rangi ya kucha." Kwenye daftari akaandika "harufu tamu ya matunda," kwa sababu ndivyo mtihani unavyotaka.