Tabora hadi Ujiji, kitabu kikiwa kiganjani

Kila aliyesoma historia shule ya msingi anaikumbuka picha ile: wanaume wawili, mwandishi wa habari Stanley na mmisionari Livingstone aliyekuwa akimtafuta, wamevua kofia, wanasalimiana, na watu wa Ujiji wamewazunguka. Ndiyo maana wengi wakifika Kigoma hupanda daladala moja kwa moja hadi Ujiji kwenye mnara wa kumbukumbu ya kukutana kwao, hupiga picha mbili tatu na kurudi mjini. Ujiji ni mwisho wa kisa, na anayeanzia mwisho hakosi kuikosa ladha. Anzia Tabora, uende magharibi kama msafara wa Stanley ulivyokwenda.

Vitabu vya kubeba ni vitatu. Cha kwanza ni simulizi ya Stanley iliyochapwa 1872. Cha pili ni shajara za mwisho za Livingstone, zilizotoka 1874, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Cha tatu ndicho kitamu kuliko vyote: maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, na baba yake alikuwa na makazi hapohapo Tabora. Hakimiliki za vile viwili vya kwanza zimekwisha muda mrefu, hivyo vinapatikana bure mtandaoni. Vipakue kwenye simu kabla ya kuondoka, maana porini mtandao si wa kutegemea. Kama mnasafiri na watoto, mzazi apitie kurasa kwanza. Stanley anawaandika wapagazi wake kwa dharau na anasimulia viboko bila haya, na mtoto anahitaji mtu mzima wa kumweleza hilo.

Linalowapoteza wasomaji wengi ni tahajia. Kazeh ya Burton, mvumbuzi Mwingereza aliyefika Novemba 1857, ni Tabora. Stanley akiandika Unyanyembe anamaanisha eneo zima la Tabora na vijiji vyake. Uhha ni Buha, Malagarazi ni Malagarasi, Rusugi ni mto Ruchugi. Kwikuru ni kwa mtemi, yaani ikulu, neno ambalo Kiswahili kimelichota kwa Wanyamwezi wenyewe. Na Gombe ya kitabuni, pale wapagazi walipogoma, ni mto wa upande wa kusini wa Tabora. Haihusiani na Gombe ya sokwe kule Kigoma, ingawa tumesikia watu wakizichanganya.

Kituo cha kwanza ni tembe la Kwihara, nyumba ya udongo walimokaa Stanley na Livingstone, kilomita 6 hivi kusini magharibi mwa mji. Nenda alasiri ya siku moja kabla ya safari ndefu, kwa bodaboda au gari dogo. Wakati wa mvua, Novemba hadi Aprili, uliza kwanza hali ya njia. Wageni ni wachache, kwa hiyo unaweza kukuta kufuli mlangoni. Usigeuze kabla hujauliza nyumba za jirani. Ndani kuna nakala za barua na ramani, lakini nyumba yenyewe ndiyo inayofaa kutazamwa polepole: kuta nene za udongo, baraza, vyumba vilivyozunguka ua, na ule mlango wa mbao uliochongwa. Pitisha kidole kwenye michoro ya fremu uone patasi ilivyoingia. Ufundi huo ni wa pwani, na hapa ni mamia ya kilomita kutoka baharini. Tembe limekarabatiwa, lakini umbo ni lilelile.

Kisha kaa barazani ufungue tarehe 14 Machi 1872. Siku hiyo Stanley aliondoka kurudi pwani na Livingstone akabaki hapa, akisubiri wapagazi ambao mwenzake angemtumia. Alisubiri hadi tarehe 25 Agosti. Ukurasa huo ukisomwa palepale una uzito ambao mnara wa Ujiji hauwezi kukupa.

Asubuhi ya pili ondoka Tabora saa 12. Sababu ni jua: unaelekea magharibi, asubuhi liko mgongoni, lakini kuanzia saa 9 alasiri linakupiga usoni, na barabara ina baiskeli na ng'ombe wengi. Hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 400. Jaza tangi Tabora, ongeza Urambo au Kaliua, usingoje Uvinza. Tairi la akiba likaguliwe upepo kabla ya kutoka, na jeki ijaribiwe, maana fundi yuko mjini tu. Kwenye miombo mbung'o huingia kupitia dirisha na kung'ata hata juu ya shati. Rangi ya bluu iliyokolea na nyeusi huwavuta, kwa hiyo vaa kaki au rangi hafifu.

Ukiwa njiani fungua ramani uone jambo moja. Stanley hakupita hapa. Aliondoka Kwihara tarehe 20 Septemba 1871 na kuzunguka kusini, kwa kuwa njia ya moja kwa moja ilikuwa imefungwa na Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi aliyekuwa vitani na Waarabu wa Tabora. Lami ya leo inakata katikati ya nchi ambayo msafara wote uliikwepa. Kwa hiyo Urambo, kama kilomita 90 kutoka Tabora, usipite mbio. Mirambo alifariki Desemba 1884, na kaburi lake liko huko. Ulizia kwanza ofisi za halmashauri, upate mwenyeji wa kukuongoza; kwenda kaburini bila kupiga hodi kwa wenye mji si adabu. Stanley mwenyewe, aliyempiga vita 1871, alikuja kuchanjiana naye damu 1876.

Malagarasi unavukwa kwa Daraja la Kikwete. Usisimamishe gari juu yake. Vuka, tafuta pa kuegesha salama, ndipo usome jinsi punda aliyeitwa Simba alivyokamatwa shingoni na mamba wakati wa kuvushwa. Hapo pia anza kuhesabu mara ambazo Stanley analalamikia hongo. Enzi zile hongo ilikuwa ushuru wa kupita nchini kwa mtu, ukilipwa kwa doti za nguo. Katika Buha ilimchosha hadi akaondoka usiku kwa kunyata.

Uvinza ni chumvi. Maji ya chumvi yamechemshwa huko kwa zaidi ya miaka 1,000, na vigae vya vyungu vimechimbuliwa na wanaakiolojia. Pumzika, nyoosha miguu, nunua chumvi. Zimebaki kama kilomita 100.

Ujiji nenda siku ya tatu. Kwa hesabu ya Stanley alifika tarehe 10 Novemba 1871, siku ya 51 tangu Unyanyembe. Shajara ya Livingstone inaiweka mwishoni mwa Oktoba, na kurasa za Stanley za siku ile zilichanwa kutoka kwenye daftari lake, hivyo usibishane na mwongozaji kuhusu tarehe. Mwembe ambao inasemekana walikutana chini yake ulikufa zamani; iliyopo ni vizazi vyake. Wasomee watoto hapo aliyemsalimu Stanley kwanza kwa Kiingereza: Susi, mtumishi wa Livingstone, ambaye baadaye pamoja na Chuma, mtumishi mwenzake, aliusindikiza mwili wa bwana wake hadi pwani.

Ziwa limerudi nyuma, kwa hiyo kutoka mnarani tembea hadi ufukweni jua likielekea kuzama, mitumbwi ya dagaa ikijiandaa. Kama unataka kuona taa zao zimetanda majini, panga safari siku ambazo usiku hauna mwezi. Mwezi mpevu wavuvi hupumzika, kwa kuwa dagaa hawaifuati taa.