Shilingi 500 na vita vya Kongo

Kila mteja anapotoa shilingi 100,000 kwenye kibanda changu cha pesa za simu hapa Bombo, Uganda, serikali inakata 500. Kodi hiyo ipo tangu 2018 na wateja wameizoea kama vumbi la barabara. Mimi sijaizoea. Nikiiona ile 500 namkumbuka baba.

Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule The Hague, iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325. Ni kodi kama hii inayolipa: milioni 65 kila Septemba, miaka mitano, kuanzia 2022 hadi 2026. Ni fidia ya vita ambavyo jeshi letu lilikwenda kupigana mwaka 1998. Baba alikuwa kati ya walioondoka. Nilikuwa na miaka 12.

Tuliishi kambini, kwenye uniporti, ile nyumba ya mabati ya mviringo ambayo mchana haikaliki. Aliondoka usiku na begi moja. Alikokwenda, mama hakujua, na nadhani hata baba mwenyewe hakujua. Habari tulizipata kwa Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Juni 2000 redio ikasema Waganda na Wanyarwanda wamepigana siku sita ndani ya Kisangani. Ilikuwa mara ya tatu kwa majeshi hayo kupigania mji usio wa Uganda wala wa Rwanda. Wake za askari walikaa kwetu hadi usiku, redio katikati, na hakuna aliyepika.

Mwanzoni watu walielewa. Juni 1998 waasi wa ADF walivamia chuo cha ufundi cha Kichwamba, wanafunzi wapatao 80 wakafa, wengi wakichomwa ndani ya mabweni. Nani angekataa wauaji wale wafuatwe kwenye milima ya Rwenzori, mpakani na Kongo? Lakini Kisangani si Rwenzori. Hapo ndipo hata kambini watu walianza kuulizana kwa sauti ya chini: vijana wetu wanatafuta nini kule?

Swali hilo lina mahali pake. Ibara ya 124 ya Katiba yetu ya 1995 inamtaka Rais anayetangaza hali ya vita apate idhini ya theluthi mbili ya wabunge wote. Mambo yakiwa ya haraka mno, atangaze kwanza, kisha aombe idhini hiyo ndani ya saa 72. Siku tatu tu! Mimi sikumbuki vita vile kutangazwa. Desemba 2013 askari walipelekwa Juba, Sudan Kusini, Bunge likaidhinisha Januari. Machi 2025 ikawa hivyo tena, askari kwanza, kura baadaye. Mbunge gani atasimama kukataa wakati watoto wa watu wameshaingia mahandakini?

Machi 2001, miezi tisa baada ya Kisangani, tulikuwa na uchaguzi wa Rais. Mama alirudi kituoni, akavua viatu, akasema, "Nimepiga kura, lakini karatasi ile haina pahali pa kuuliza."

Nataka Rais, huyu na atakayemfuata, aje Bungeni kabla magari hayajawashwa. Aseme wanakwenda wapi, kwa nini, na mpaka lini. Wakifa, aseme ni wangapi. Juni 2023, baada ya Al-Shabaab kuvamia kambi ya askari wetu Buulo Mareer kule Somalia, Museveni alitaja idadi ya waliokufa mwenyewe: 54. Iliniumiza sana, na bado nilishukuru kuisikia kwake.

Baba alirudi 2003. Kuhusu Kisangani amewahi kuniambia jambo moja tu: "Tulipigana na watu tuliokula nao sahani moja." Akainuka, akaenda kwenye migomba yake.

Jana binti mmoja, mke wa askari, alikuja kutazama kama pesa imeingia. Haikuwa imeingia. Nikamuuliza, "Afande yuko wapi siku hizi?" Akasema, "Sijui, dada. Simu yake haipatikani wiki ya pili." Simu ya binti mwenyewe ilikuwa imeisha chaji. Nikaichomeka, nikamvutia kiti tukae naye.