Siku moja maishani mwangu: hedifoni za kazi, hedifoni za starehe

Saa 1 asubuhi

Masikio ya asubuhi ndiyo masikio. Yamepumzika usiku kucha, hayajachoshwa na honi wala simu, kwa hiyo nayapa kazi ngumu kuliko zote: kusikiliza upya nilichokimaliza jana nikiwa hoi. Mimi ni mhariri wa sauti. Vipindi vya redio, mahojiano, vitabu vya kusikiliza, vyote hupita mikononi mwangu kabla ya kufika kwa msikilizaji.

Naanza na Sennheiser HD 650. Ilitoka mwaka 2003 na hadi leo watu wanaitafuta. Ni hedifoni ya mgongo wazi, yaani nyuma ya spika hakuna ukuta, kuna wavu tu, hewa inapita huku na huku. Sauti haibanwi kichwani. Ubaya wake ni kwamba aliyekaa kando yako anasikia kila kitu unachosikiliza.

Sura ya kitabu niliyoihariri jana inasikika laini, tamu, haina kasoro. Hapo ndipo siiamini. HD 650 ni pole kwenye sauti za juu, inaweza kumsitiri msomaji ambaye "s" zake zinachoma. Naivua, navaa beyerdynamic DT 770 Pro, ambayo tabia yake ni kinyume kabisa: sauti za juu imezinyanyua, haimwonei mtu haya. Na kweli, kila "sasa" na kila "siku zote" inanichoma sikio. Narudi kwenye faili, napunguza desibeli 2 karibu na kilohezi 7, nasikiliza kwa zote mbili. Ikivumilika kwenye ile kali bila kufifia kwenye ile pole, naituma.

Wapo wanaotafuta hedifoni moja inayosema ukweli mtupu. Kuanzia 2013 watafiti Sean Olive na Todd Welti wa kampuni ya sauti ya Harman walichapisha tafiti za sauti ambayo wasikilizaji wengi huipenda kwenye hedifoni, na mkunjo waliouchora umekuwa kipimo kinachotajwa kila mahali. Ni kazi nzuri, naiheshimu. Lakini inakwambia wengi wanapenda nini. Mimi napenda besi pungufu kidogo ya hapo na sioni sababu ya kuomba radhi.

Saa 3 asubuhi

Msomaji wa kitabu amefika. Leo kwenye chumba cha kurekodia kila mtu anavaa DT 770, ya omu 80 (omu ni kipimo cha ukinzani, jinsi kitu kinavyouzuia umeme), kwa sababu ina mgongo uliofungwa na maikrofoni haitanasa sauti inayovuja.

Hata dakika kumi hazijaisha ananiambia, "Dada, mbona leo najisikia mwembamba? Kama naongea kwenye simu."

Nagusa kadi ya sauti, nakagua maikrofoni, naangalia kebo. Kila kitu kiko sawa. Kisha namwangalia usoni: kavaa miwani mipya, yenye mikono minene. Mkono wa miwani unanyanyua mto wa hedifoni, unaacha mwanya mwembamba nyuma ya sikio, na kwenye hedifoni iliyofungwa besi yote hutorokea kwenye mwanya huo. Namwomba aipandishe mikono ya miwani juu kidogo ya sikio, mto ulale vizuri. "Aa! Nimerudi," anasema, na kazi inaendelea. Ukisikia mtu analalamika kwamba hedifoni fulani ya bei mbaya haina besi, muulize kwanza kama anavaa miwani.

Saa 5 asubuhi

Kijana ninayemfundisha kazi ameingia na maswali, kama kawaida yake. Rafiki yangu yuko safarini na ameniachia hedifoni yake, HiFiMAN Susvara, niitunze, basi kijana ameiona mezani na macho hayabanduki.

"Dada, hii imeandikwa omu 60. HD 650 ni omu 300. Kwa hiyo HD 650 ndiyo ngumu kuisukuma?"

Swali zuri, na jibu linawachanganya hata watu wazima. Nachukua kalamu.

Omu peke yake haitoshi. Lazima uiangalie pamoja na wepesi wa hedifoni wa kupaza sauti, ule unaoandikwa kwa desibeli. HD 650 hutoa desibeli 103 ikipewa volti 1. Tuseme tunataka vilele vya muziki vifike desibeli 110, ile ngoma kubwa inayolia mara moja na kunyamaza. Tunahitaji desibeli 7 za ziada, yaani volti 2.2 hivi. Zidisha volti hizo kwa zenyewe, gawanya kwa omu 300, utapata nguvu ya miliwati 17 hivi. Kidogo mno.

Susvara hutoa desibeli 83 kwa miliwati 1. Kufika 110 tunahitaji desibeli 27 zaidi, na desibeli 27 ni nguvu mara 500. Hiyo ni nusu wati. Kwenye omu 60 inahitaji volti 5.5 na mkondo wa miliampia 90 na ushee.

Kijana ananyamaza, anahesabu tena kwa simu yake. "Kwa hiyo hii ya omu chache inakula mara thelathini?"

Ndiyo. Sasa chomeka zote mbili kwenye kile kidude cha USB cha simu kinachotoa volti 1. HD 650 itafika 103 kwenye vilele, na kwa muziki mwingi utatosheka. Susvara itaishia 95, na kama ni muziki wa okestra ambao wastani wake uko desibeli 20 chini ya vilele, utabaki na 75. Utasema hedifoni haina uhai, kumbe umeinyima umeme. Wapo walioirudisha dukani hedifoni nzuri kwa sababu hiyo tu.

Kisha ananiuliza kuhusu DAC, kigeuzi kinachobadilisha namba za kidijitali kuwa mawimbi ya umeme. Ameona moja inayosifiwa sana, anataka kuanzia hapo. Namwambia hapo ndipo pa kumalizia. Weka pesa kwenye hedifoni kwanza, kisha kwenye amplifaya, kikuza sauti, inayoiweza, DAC iwe ya mwisho. CD ya kawaida, biti 16, ina nafasi ya desibeli 96 kati ya ukimya na kilele, na DAC za kawaida kabisa za siku hizi zinaimudu bila jasho. Oktoba 2020 kiwanda cha AKM, kampuni inayotengeneza chipu za DAC, huko Nobeoka, Japani, kiliungua, na watengenezaji wengi wakahamia chipu za kampuni nyingine. Vifaa vile vile, chipu tofauti ndani. Mimi sikusikia msiba wowote.

Saa 7 mchana

Nimevua kila kitu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatika nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Anayeishi na hedifoni kichwani kama mimi lazima aweke akiba. Mchana huu ni ukimya tu.

Saa 9 alasiri

Mvumo. Kompyuta imeunganishwa na DAC kwa USB, DAC na amplifaya, amplifaya na mashine ya kuchanganyia sauti, na kila kimoja kina njia yake ya kwenda ardhini. Matokeo ni "mmmm" ya chini isiyokoma, na juu yake vijikelele vinavyocheza kila nikisogeza kipanya. Mtu mmoja aliwahi kunishauri ninunue kebo ya USB iliyosukwa kwa fedha. Nimechomoa USB, nikaweka kebo ya macho, ile inayopitisha mwanga. Mwanga haubebi umeme wa kompyuta, kwa hiyo mzunguko wa ardhini umekatika papo hapo. Kimya. Nimeendelea na kazi.

Saa 11 jioni

Kikao cha mtandaoni, kwa hedifoni za Bluetooth. Sina neno nazo kwa kutembea. LDAC, mojawapo ya kodeki (njia za kuifinya sauti ili ipite hewani), ikifika kilele chake husafirisha kilobiti 990 kwa sekunde, ilhali CD ni 1,411, na barabarani hutaona tofauti. Ila dakika unapowasha maikrofoni yake tu, kila mtu anageuka kuwa ndani ya pipa, maana inahamia kwenye hali ya simu. Wenzangu wote leo walikuwa ndani ya pipa.

Saa 2 usiku

Sasa ni zamu yangu.

Nawasha amplifaya ya valvu, ile mirija ya kioo inayowaka, na kuiacha ipate moto. Ni ya aina isiyo na transfoma kwenye mlango wa kutolea sauti, na ukinzani wake wa kutolea ni omu 120 hivi. Ukifuata vitabu hiyo ni dosari. Kanuni inayotajwa sana ni kwamba ukinzani wa amplifaya usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa hedifoni. Kwa HD 650 tungetaka usizidi omu 37 au 38. Tumepita mbali.

Lakini tazama kinachotokea. Ukinzani wa HD 650 haukai kwenye 300. Ukishuka kwenye besi, karibu na hezi 90, unapanda kuelekea 500. Amplifaya yenye omu 120 inagawana volti na hedifoni, na hedifoni inapata fungu kubwa zaidi pale ambapo ukinzani wake uko juu. Hesabu inatoa nyongeza ya desibeli 1 hivi kwenye besi ya juu. Ndiyo ule "ujotojoto wa valvu" unaoimbwa. Sehemu yake kubwa ni mgawanyo wa volti, hakuna uchawi, na naupenda vile vile. Gitaa moja, besi ya kusimama, mama anayeimba karibu mno na maikrofoni hadi unamsikia anavyovuta pumzi kabla ya ubeti: kifua chake kinajaa zaidi kidogo kuliko kwenye transista, yaani amplifaya isiyo na valvu, na besi ya kusimama inapata tumbo.

Ili nisijidanganye nimelinganisha na amplifaya ya transista kwa sauti iliyo sawasawa. Hili halina njia ya mkato. Sikio hupenda kinacholia kwa nguvu zaidi hata kama tofauti ni desibeli 1, kisha akili inatunga sababu. Nacheza toni ya hezi 400, maana multimita (vipima umeme) nyingi za kawaida hazipimi vizuri masafa ya juu, nagusisha vijiti vyake kwenye plagi huku hedifoni ikiwa imechomekwa, nasogeza volyumu hadi volti zifanane. Ndipo nasikiliza. Tofauti bado ipo, ila ni ndogo kuliko ilivyokuwa kabla ya multimita. Huwa hivyo kila mara.

Nahamisha Susvara kwenye valvu, kwa udadisi tu. Nachukua uamuzi haraka: hapana. Hedifoni za namna hii zina utando mwembamba wenye njia za umeme, ukiwa katikati ya sumaku, na ukinzani wake hauyumbi, unabaki 60 kutoka besi hadi juu. Kwa hiyo hakuna nyongeza ya besi kabisa. Kilichopo ni hasara: omu 60 mbele ya omu 120, theluthi mbili za volti zinapotelea ndani ya amplifaya, na valvu ndogo kama hizi hazina mkondo wa kutoa. Ngoma zinagonga kama zimefunikwa blanketi.

Kwenye transista, yenye ukinzani wa kutolea chini ya omu 1 na wati za kumwaga, ni habari nyingine. Sijui nianzie wapi. Labda kwenye matoazi: kila toazi linaanza, linatanuka, linafifia hadi mwisho, na hakuna linalolala juu ya jingine. Mpiga besi anapoachia uzi, unasikia kidole kikiondoka kabla ya noti kufa. Kwaya ya watu wengi inabaki watu wengi. Nilipanga kusikiliza wimbo mmoja, nimepitisha albamu nzima na mkono uko tayari kwenye nyingine.

Na bado, kwa yule mama na gitaa, nairudisha HD 650 kwenye valvu. Susvara inanionyesha chumba alichoimbia. HD 650 yenye valvu inamleta yeye.

Saa 4 usiku

Ujumbe kutoka kwa mwenye Susvara. Ameona kebo ya fedha tupu kwa ajili yake, anauliza kama imtoe pesa. Nimejibu kwamba nimeipima mito yake leo kwa kidole: wa kushoto umeshalala, umenywea kuliko wa kulia, sikio linakaribia utando upande mmoja, na sauti ya mwimbaji inavutwa kushoto. Anunue mito, jozi nzima, abadilishe yote miwili siku moja. Kebo aliyonayo haina ugonjwa.

Amejibu kwa kicheko kirefu, kisha akauliza kama bado naisikiliza saa hizi. Nimemwambia arudi salama, asiharakishe.