Tembo Aliyapita Maji Yale

Novemba 2005 nilikuwa na mwaka wa pili nikiwapeleka watalii Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kutoka Iringa. Safari hiyo nilikuwa na mama mmoja wa Uholanzi na binti yake. Tulipofika ukingoni mwa Ruaha Mkuu, mama akashusha darubini, akaniuliza, "Mto uko wapi?"

Ulikuwa mchanga mtupu, na kwenye kona dimbwi moja. Viboko walikuwa wamesongamana humo, migongo imekauka. Maji ya kijani, mazito kama mlenda, na harufu ilitupokea kabla sijazima injini. Mto usipotembea, kinyesi cha viboko hubaki palepale, kikioza na kumaliza hewa iliyomo majini. Hata kambare, samaki sugu sana, walikuwa wakitoa midomo nje kuhema, na korongo wamejipanga wanawangoja.

Akaja tembo jike na ndama wake. Akalipita dimbwi kwa hatua kama kumi, wala hakugeuza kichwa. Akaanza kuchimba mchanga kwa mguu wa mbele, akiuzoa kwa mkonga na kuutupa pembeni, mpaka shimo likawa refu kama mkono wangu. Kisha akatulia. Alikuwa anasubiri maji yajichuje. Ndama alisukuma kichwa mara tatu, mara tatu akarudishwa. Mama mtu alipokunywa ndipo akampisha.

Binti akaniuliza kwa nini mto umekufa. Nikajibu, "Ukame." Jibu hilo linaniuma hadi leo, maana lilikuwa nusu tu ya ukweli. Mto huu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima hadi ulipoanza kukatika kiangazi, mwaka 1993. Kabla ya kufika hifadhini, maji yake yanapitia bonde la Usangu, na Usangu ndiko kwetu. Nimekulia kwenye majaruba ya mpunga. Banio la mfereji wetu, lango linalochepusha maji ya mto kwenda majarubani, nalijua kwa mikono yangu.

Wageni walikuwa wamelipia siku tatu. Asubuhi yake wakaomba tuondoke.

Nilipofika Iringa nikampigia baba.

"Shikamoo, baba. Mpunga si mlishavuna?"

"Marahaba. Tulishavuna zamani."

"Na banio mmelifunga?"

Akanyamaza kidogo.

"Tulifunge tunywe nini, mwanangu? Mama yako anachota humohumo mferejini."