Pikapu moja iliyokatwa katikati

Kwa miaka sita nilipiga gitaa la besi nililolipenda kwa macho na kwa mikono, kumbe watu waliokaa nyuma ya ukumbi walikuwa hawalisikii. Nilikuja kujua kwa bahati tu. Siku moja ya mazoezi mpiga dramu wetu aliacha simu yake juu ya kiti cha mwisho kabisa, ikarekodi nyimbo nne mfululizo, kisha akatutumia. Usiku nikakaa kusikiliza. Dramu zipo, solo lipo, kinanda kipo, mwimbaji yupo. Besi nayo nikadhani ipo, maana kila noti niliyopiga naijua, na sikio langu lilikuwa linajijazia lenyewe. Nikampa mke wangu asikilize. Akausikiliza wimbo wa kwanza hadi mwisho, akanigeukia: "Huu na wewe ulikuwepo?"

Najua utaniambia simu haishiki besi. Ni kweli, kwa kiasi. Uzi wa E, mnene kuliko zote nne, ukipigwa wazi bila kubonyezwa unatetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na kipaza sauti cha simu hakiwezi kubeba kitu kizito namna hiyo. Lakini hakuna uzi unaotoa sauti moja tupu. Juu ya ile 41 kuna 82, kuna 124, kuna 165, na kuendelea, na sikio likizipata hizo za juu linaijenga lenyewe ile ya chini iliyokosekana. Ndiyo maana unaweza kuifuata besi hata kwenye kiredio kidogo cha mkononi. Kwa hiyo uzito wa chini kupotea haukunishangaza. Nilichotaka kujua ni hizi za juu yake zimemezwa na nini.

Gitaa lenyewe lilikuwa la muundo wa Jazz Bass, ule ambao Fender, kampuni ya magitaa ya Marekani, waliutoa mwaka 1960. Shingo yake kule karibu na kichwa ina upana wa milimita 38 tu, na mkono wangu wa kushoto, ambao si mkubwa, uliizunguka bila kujivuta. Lina pikapu mbili nyembamba, vile vifaa vya sumaku vinavyozisikiliza nyuzi: ya mbele upande wa shingo, ya nyuma karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia mwilini mwa gitaa, na kila moja ina kitufe chake cha sauti. Nikiwa peke yangu chumbani, vitufe vyote viwili vimefunguliwa hadi mwisho, lilikuwa linaimba. Chini kumejaa, juu kuna mng'aro, katikati kumetulia. Nilipenda hasa huko katikati kulivyotulia, na ndiko kulikokuwa kunaniponza.

Basi nikaamua kuifungua pikapu ya nyuma niione. Ndani hamna maajabu. Kuna vijiti vya sumaku, viwili chini ya kila uzi, na kuzunguka vijiti hivyo umesukwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku unaitikisa nguvu ya sumaku ile, na ndani ya waya unazaliwa umeme kidogo sana unaotetemeka vilevile kama uzi. Umeme huo ndio unaokwenda kwenye amplifaya. Pikapu haina habari na mbao wala rangi; inachojua ni namna uzi unavyocheza pale pale juu yake. Karibu na daraja uzi umebanwa, haujitupi sana, kwa hiyo pikapu ya nyuma inasikia zaidi zile sauti za juu, kavu na kali. Ukisogea kuelekea shingo uzi unajitupa kwa nafasi, na sauti inanenepa.

Nikiwa nashangaa hayo yote, ncha ya bisibisi ikagusa ukingo wa koili, yaani ule waya uliosukwa. Haikutoa hata mlio. Niliona tu kinyuzi chekundu kimesimama, urefu wa kope, na niliporudisha kila kitu mahali pake ile pikapu ilikuwa kimya kabisa. Moyo uliniuma. Fundi niliyempelekea alisema ataisuka upya, ila nimpe mwezi.

Mwezi huo ndio ulionifungua masikio. Nilikwenda mazoezini na pikapu ya mbele peke yake, nikijihisi nimekatwa mkono, na katikati ya wimbo wa pili mpiga kinanda akaacha kupiga. "Leo nakusikia," akasema. Sikugusa amplifaya, sikubadilisha nyuzi, wala sikuongeza nguvu ya vidole.

Baadaye fundi alinieleza, na ukishaelezwa unaona ni jambo la wazi. Pikapu mbili zinausikia uzi uleule sehemu mbili tofauti. Kuna mitetemo ambayo huku uzi unapanda wakati kule unashuka, na ukizichanganya pikapu hizo kwa nguvu sawa, panda na shuka zinauana. Zinazouawa nyingi ni za katikati, na katikati ndiko besi inakojipenyeza kati ya gitaa na kinanda ili imfikie mtu wa nyuma. Chumbani, ambako hakuna wa kushindana naye, ule uwazi unasikika kama usafi. Kwenye bendi kila mtu anaujaza kwa sauti yake, na wewe unabaki mtetemo wa sakafu.

Tatizo la pili likaja palepale. Pikapu ya koili moja inanasa pia mvumo wa umeme wa ukumbini, ule wa mara 50 au 60 kwa sekunde, kutegemea nchi. Katika Jazz Bass za kawaida siku hizi koili mbili husukwa kinyume na sumaku zake hugeuzwa, kwa hiyo zikifunguliwa sawasawa mvumo unafutika na uzi unabaki. Ukiacha moja tu, mvumo nao unabaki. Tulikuwa na wimbo wa taratibu ambao ubeti wa mwisho mwimbaji anabaki peke yake, bila chombo. Wiki ile hakubaki peke yake. Chini ya sauti yake kulikuwa na mmmmm nyembamba inayotoka kwenye spika yangu, na nilizima kitufe nikiwa nimechelewa. Hakuniambia neno. Alinitazama tu, na mimi nikajua wimbo ule umeharibika.

Kwa hiyo nilikuwa na chaguo mbili mbaya: nisikike kwa mvumo, au ninyamaze kwa usafi. Na hapo ndipo nilipolipata gitaa ambalo kwa miaka yote nilikuwa nikilipita kwa sababu niliona ni la kizamani.

Precision Bass ndilo gitaa la besi la umeme lililoieneza besi hii duniani. Mwanzilishi wa kampuni ile, Leo Fender, alilitoa mwaka 1951, na jina, lenye maana ya usahihi, linatokana na freti, vile vyuma vinavyoikatiza shingo: mpiga besi kubwa ya kusimama alilazimika kuitafuta noti kwa sikio, na freti zikampa noti kamili kila anapobonyeza. Mwaka 1957 pikapu yake ilibadilishwa ikawa hii tunayoijua, iliyokatwa vipande viwili. Kipande kimoja kipo chini ya nyuzi mbili nene, E na A, kingine kimesogezwa kidogo kuelekea daraja, chini ya zile nyembamba, D na G. Vipande hivyo navyo vimesukwa kinyume, sumaku zimegeuzwa, kwa hiyo mvumo unafutika. Lakini tazama uzuri wake: kila uzi unasikilizwa na kipande kimoja tu, mahali pamoja tu. Mvumo unakufa na katikati inabaki hai. Nilipolielewa hilo nilikaa kimya kama dakika nzima. Mtu alikaa akalifikiria jambo hili, akalimaliza, kwa kukata kitu kimoja vipande viwili.

Nikaazima moja kwa rafiki. Tukafanya jaribio lilelile: simu ileile, kiti kilekile, nyimbo zilezile, vitufe vya amplifaya sikuvigusa. Nilimpa tena mke wangu asikilize. Safari hii alianza kuimba mstari wa besi kabla wimbo haujafika kwenye ubeti.

Nilifikiri nitalichukia lile shingo nene. Mengi ya zamani ya muundo huu yana karibu milimita 44 pale kichwani, na wiki ya kwanza kiganja kiliuma kweli. Kilichonishangaza ni mkono wa kulia. Hakuna anayeniambia kwamba pikapu ni mahali pa kulaza dole gumba, ilhali ndilo jambo ninaloligusa kila sekunde ninayopiga. Kwenye gitaa langu la kwanza gumba lilikuwa linahama: mara pikapu ya mbele, mara uzi wa E, mara nakwenda nyuma kutafuta ukali, na kila nikihama sauti inabadilika bila mimi kukusudia. Kwenye hili gumba linalala juu ya kipande cha E na A, na nikipiga D au G linashuka kwenye uzi wa E na kuuzima usivume. Limepata kwao. Noti zangu zimelingana kwa sababu vidole vinagonga sehemu ileile kila mara, na nadhani nusu ya ile sauti watu wanayoisifia Precision ni hiyo tu, mkono uliotulia.

James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi sana za Motown, kampuni ya rekodi ya Marekani, alikuwa na Precision ya mwaka 1962, nyuzi laini zilizosukwa bapa, na kidole cha shahada peke yake. Msikilize halafu uniambie kama pikapu moja ni kidogo.

Magitaa yenye betri niliyajaribu pia. Yana nguvu, yana vitufe vya kuongeza na kupunguza besi na ukali, na Music Man StingRay lililotoka mwaka 1976 likiwa na pikapu moja kubwa na saketi yake ya betri ni sauti ya aina yake, hasa kwa wanaopiga kwa kugonga na dole gumba. Si langu mimi. Mara moja niliacha waya umechomekwa usiku kucha kwenye gitaa la namna hiyo la kuazima. Waya ukiwa ndani betri inaliwa, na kesho yake lilikufa katikati ya wimbo. Nataka gitaa ambalo likiwa na nyuzi na waya linapiga.

Kama tayari unalo la muundo wa Precision na bado halikuridhishi, kabla hujafikiria kununua pikapu nyingine chukua bisibisi ndogo (na uiweke mbali na koili). Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, pima nafasi iliyobaki hadi kwenye sumaku. Mimi naacha milimita 3 chini ya E na 2 chini ya G. Pikapu ikiwa juu mno, sumaku inauvuta uzi, noti inayumba na inakufa mapema. Ikiwa chini mno, sauti inakonda. Vipande viwili vina skrubu zake tofauti, kwa hiyo unaweza kulinganisha nyuzi nene na nyembamba mpaka zitoke sawa. Nimeshatumia jioni nzima kwa robo mzunguko wa skrubu, na ilistahili.

Pia kuna yale mchanganyiko, ya pikapu iliyokatwa mbele na nyembamba ya Jazz nyuma. Wengi wanayapenda. Nilipolijaribu nilijikuta nimezima ya nyuma kila wimbo, basi nikaona nisijidanganye.

Lile la kwanza sijaliuza. Pikapu ya nyuma ilirudi kutoka kwa fundi imesukwa vizuri, na tuna wimbo mmoja ambao kiitikio chake hubebwa na besi badala ya solo, juu kabisa ya shingo. Hapo nafungua ya nyuma yote, ya mbele naishusha kidogo, na ile sauti kavu ya koo inatoka, ambayo Precision yangu haina. Mvumo unakuwepo kidogo, ila dramu zinaufunika. Mwimbaji ameshazoea: akiona nalichukua lile jembamba kutoka kwenye stendi, anarudi hatua moja nyuma na kuniachia mbele.